MPIGAJI HUPIGIWA MAKOFI, MRUSHAJI JE?

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu ili nami nitoe la moyoni. Najua wengi wenu mkiona neno kriketi mtafunua ukurasa wa pili mkatafute vichekesho na vitendawili. Ngojeni kidogo, jamani. Nitakayoyasema yanatuhusu sote tunaobaki uwanjani baada ya kengele ya saa kumi, na yananihusu mimi hasa, kwa sababu lipo kosa nililolifanya hapa shuleni muhula wa pili ambalo hadi leo linanikera rohoni. Nitalifikia.

Mambo yalianza hivi. Likizo ya Agosti mwaka 2025 mama alinituma kwa mjomba wangu huko Mji wa Kale nikamsaidie katika duka lake la vitambaa. Wanaoujua Mji wa Kale wanajua kwamba nyumba isiyokuwa na baraza ni kama haina mwenyewe. Baraza la mjomba ni la mawe, limelainika kwa kukaliwa, na kila jioni wazee hukusanyika hapo, mwuza kahawa akapita na dele lake, ikanywewa kahawa chungu na kashata huku dunia nzima ikihukumiwa. Siku zile mazungumzo hayakuwa ya siasa wala ya Arsenal na Manchester. Ilikuwa ni Testi ya tano baina ya Uingereza na India, iliyochezwa uwanja wa Oval mjini London kuanzia tarehe 31 Julai hadi 4 Agosti. Mjomba aliisogeza runinga hadi dirishani, akaigeuza uso utazame nje, na baraza likageuka uwanja.

Kwa wale wasiojua, Testi ndiyo kriketi ndefu kuliko zote. Huchezwa siku tano. Kila timu hupata zamu mbili za kupiga, na zamu haiishi mpaka wapigaji kumi wameondolewa, au nahodha mwenyewe aseme zinatosha, au siku zikwishe. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye kiini cha makala yangu. Ukitaka kushinda Testi, mara nyingi hakuna njia ila kuwaondoa wapigaji wote wa upande wa pili mara mbili. Kumi mara mbili ni ishirini. Unaweza kupata mbio mpaka daftari likajaa, lakini wiketi hizo 20 usipozipata na muda ukaisha, mechi ni sare, nyote mnakwenda nyumbani mikono mitupu.

Barazani walikuwako wazee watatu. Wa kwanza ni mjomba mwenyewe, ambaye kwake kriketi ni kupiga tu. Wa pili ni jirani yake, mzee wa Kihindi, karani aliyestaafu, ambaye huandika kila mpira kwa penseli katika daftari la hesabu, na kwa hivyo sote twamwita Mzee wa Daftari. Wa tatu ni Babu. Si babu yangu wa kunizaa, ila mtaa mzima humwita hivyo. Babu alikuwa mrushaji katika ujana wake, na hadi leo akishika chungwa hulishika kwa vidole viwili na gumba, kana kwamba anataka kulirusha kabla ya kulimenya.

(Nasema mrushaji, sisemi mtupaji. Babu alinionya. Ukikunja kiwiko kisha ukakikunjua mpira unapotoka mkononi umetupa, na kutupa ni kosa. Mrushaji huuzungusha mkono wake mzima.)

Jumapili hiyo, siku ya nne, Uingereza walikuwa wakitafuta mbio 374. Mzee wa Daftari alituambia kwamba katika uwanja ule hakuna timu iliyowahi kufuata mbio nyingi kiasi hicho ikashinda. Rekodi ilikuwa 263, nayo ni ya mwaka 1902. Mjomba akacheka. Akasema rekodi ziliwekwa zivunjwe, na kwamba wapigaji wa siku hizi hawana adabu kwa mrushaji yeyote. Hakuwa akiishabikia Uingereza, la. Yeye hushabikia kibao, popote kilipo.

Uingereza walipofikisha 106 kwa wiketi tatu akaingia Harry Brook. Kijana huyo hupiga kama mtu aliyechelewa feri. Alipokuwa na mbio 19 tu, Prasidh Krishna alimrushia mpira mfupi, Brook akaupiga juu, ukapaa mpaka karibu na kamba ya mpaka, na pale alikuwa amesimama Mohammed Siraj. Siraj akaudaka. Krishna akaanza kushangilia. Lahaula! Siraj alipiga hatua moja nyuma na mguu wake ukaigusa kamba. Badala ya mpigaji kutoka, Uingereza wakapewa mbio sita. Siraj alijifunika uso kwa mikono yake. Barazani mtu mmoja akapiga goti lake kofi, na mwuza kahawa akasahau kudai pesa.

Mjomba akanigeukia akasema, "Umeona, mwanangu? Hao ndio warushaji wako. Hata mpira ukiwa mkononi hawajui kuumaliza."

Babu hakujibu. Alisema tu, "Mtazame yule aliyerusha. Amfokea mwenziwe?" Nikatazama. Sikumwona Krishna akimfokea mtu. Alikuwa akitembea kichwa chini kurudi kwenye alama yake, kurusha mpira mwingine.

Maneno hayo ya Babu yalinichoma, na sababu mtaijua.

Saa zilizofuata zilikuwa za mjomba. Brook na Joe Root waliongeza mbio 195 pamoja. Root alipata 105, Brook 111 kwa mipira 98. Ina maana kwamba kile kisigino cha Siraj kwenye kamba kiliigharimu India mbio zote alizoziongeza Brook kutoka 19 hadi 111, na Siraj alikuwa hapo hapo uwanjani akizihesabu moja moja. Uingereza walifika 301 kwa wiketi tatu. Zilibaki 73 tu. Mjomba alikuwa amesimama, kofia imekwenda kisogoni, akitueleza kila pigo utadhani alilipiga yeye.

Kisha Brook akajaribu kuupiga mpira wa Akash Deep kwa nguvu zote, kibao kikamponyoka kikaruka upande mmoja na mpira ukapaa upande wa pili. Mnajua ni nani aliyeudaka? Siraj. Safari hii miguu yake ilikuwa mbali na kamba. Baadaye Krishna akamwondoa Jacob Bethell, kisha Root mwenyewe. Ikawa 339 kwa wiketi sita, mwanga ukapotea, mvua ikaja, mchezo ukasimamishwa. Mbio 35 zilibaki. Uingereza walikuwa na wapigaji wazima wanne na nusu. Huyo nusu ni Chris Woakes, aliyeteguka bega siku ya kwanza akijaribu kuuzuia mpira usifike mpakani.

Runinga ilizimwa lakini baraza halikuvunjika. Ndipo yalipozuka mabishano ambayo yamenifanya nishike kalamu.

Mjomba alianza na hoja yake kuu. Akasema watu huenda uwanjani kuona mbio. Hakuna mtoto anayelia kununuliwa mpira, alisema, wote hulilia kibao. Akaleta mfano wa Kolkata mwaka 2001. India walipata mbio 171 tu katika zamu ya kwanza, Australia wakawaamuru warudi kupiga tena papo hapo, kila mtu akajua yamekwisha. Ndipo V.V.S. Laxman akapiga 281 na Rahul Dravid 180, na siku nzima ya nne warushaji wa Australia hawakupata hata wiketi moja. India wakashinda kwa mbio 171. "Sasa niambie," mjomba akamwuliza Babu, "bila Laxman mngeshinda na nini?"

Babu akanywa funda la kahawa. "Na siku ya tano Australia walitolewa na nani, yakhe? Walijitoa wenyewe?"

Mzee wa Daftari akajibu bila kufungua daftari: Harbhajan Singh. Wiketi saba katika zamu ya kwanza na sita katika ya pili. Jumla 13. Na katika zile za kwanza alichukua tatu kwa mipira mitatu mfululizo, Mhindi wa kwanza kufanya hivyo katika Testi. Mimi jina la Laxman nilikuwa nalijua. Hili la 13 sikuwahi kulisikia. Hebu jiulize kwa nini.

Babu akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. Akamtaja Brian Lara. Mwaka 2004 huko Antigua Lara alipiga mbio 400 dhidi ya Uingereza bila kutolewa, na mpaka leo hakuna binadamu mwingine aliyefikisha idadi hiyo kwa zamu moja ya Testi. Matokeo ya mechi? Sare. Akataja Colombo mwaka 1997, Sri Lanka walipopata mbio 952 kwa wiketi sita dhidi ya India, na Sanath Jayasuriya peke yake akapata 340. Hakuna timu iliyowahi kupata zaidi ya hizo katika zamu moja. Matokeo? Sare pia. Mbio mia tisa hamsini na mbili, wenzangu! Ni kama kupika biriani ya harusi na bwana harusi asije.

Nilidhani mjomba ameshindwa. La hasha! Aliinamisha kichwa kidogo kisha akasema jambo ambalo sijapata dawa yake. Alisema, "Mrushaji akikosea ana mpira mwingine. Mpigaji akikosea mara moja, kwake siku imekwisha, anakwenda kukaa. Sasa nani ana kazi ngumu?"

Nakiri kwamba hapo mjomba alisema kweli. Siwezi kuwa mwandishi wa haki nikaificha. Mpigaji anaishi na mauti yake mbele ya macho kila mpira, na anayeweza kuishi hivyo siku nzima ni shujaa. Lakini nililala nikiligeuza neno lile. Mrushaji ana mpira mwingine, sawa. Naye analazimika kuurusha! Amepigwa sita, watu wamecheka, miguu inauma, na bado anatakiwa ageuke, atembee mpaka kwenye alama yake, akimbie tena kana kwamba hakuna lililotokea. Mpigaji aliyekosea huenda kukaa kivulini. Mrushaji aliyekosea hubaki juani.

Jumatatu tulifungua duka kama kawaida. Mchezo London ulianza saa saba mchana kwa saa zetu. Mjomba, ambaye hajapata kufunga duka kwa sababu ya maradhi, alilifunga. Tukarudi barazani. Dereva mmoja wa tuktuk alikuwa ameegesha hapo akisubiri abiria, akauliza kuna nini. Mzee wa Daftari akamweleza kwamba yule mrushaji mwenye mpira, Siraj, ni mtoto wa dereva wa tuktuk wa huko Hyderabad, na kwamba alijifunza mchezo kwa mpira wa tenisi mitaani. Baba yake alifariki Novemba 2020, kijana yuko ziarani Australia na timu. Alibaki na timu, na Januari 2021 katika uwanja wa Brisbane akachukua wiketi tano katika zamu moja. Yule dereva akazima injini. "Basi huyo ni wetu," akasema, akaja kukaa.

Mipira miwili ya kwanza, iliyorushwa na Krishna, Jamie Overton aliipiga nne na nne. Zikabaki 27. Mjomba akapangusa jasho. Kisha Siraj akamwondoa Jamie Smith, mpira ukigusa ukingo wa kibao na kudakwa nyuma. Akamwondoa Overton kwa mguu mbele ya wiketi. Hapo palizuka ugomvi mdogo. Ova 80 zilikwisha na India walikuwa na haki ya kuomba mpira mpya, ambao huwa mgumu na wa kasi zaidi. Mjomba akapiga kelele, "Wachukue mpira mpya, wanangoja nini?" Babu akasema waache, mpira huu wa zamani umekwisha kusema nao, unapinda wanavyotaka, kwa nini wamfukuze mfanyakazi mzuri kwa sababu nguo zake zimechakaa? Nahodha wa India, Shubman Gill, alifanya kama Babu. Hawakuuchukua.

Krishna akamwangusha Josh Tongue. Wiketi tisa. Na sasa, bwana, akatokea Chris Woakes akishuka ngazi, mkono wa kushoto umefungwa ndani ya fulana, kibao kimeshikwa kwa mkono wa kulia peke yake. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Hata sisi barazani tulipiga. Zilibaki 17. Gus Atkinson aliyekuwa naye alifanya kila hila ili Woakes asikabiliane hata na mpira mmoja, na kweli hakukabiliana na hata mmoja. Atkinson alipiga sita moja ikapita juu ya mikono ya mdakaji. Dereva wa tuktuk akashika kichwa. Zikabaki saba, kisha sita ambazo zingewasawazisha.

Siraj akakimbia, akarusha mpira ulioshuka kwenye vidole vya miguu ya Atkinson, mpira uitwao yoka, ukapita chini ya kibao na kukiondoa kijiti mahali pake. Uingereza 367. India wameshinda kwa mbio sita. Siraj wiketi tano katika zamu ile, tisa katika mechi.

Babu hakuruka wala hakupiga kelele. Alishika tu bega lake la kulia, akalisugua polepole, kana kwamba yeye ndiye aliyetoka kurusha.

Jioni Mzee wa Daftari alijumlisha. Katika Testi zote tano Siraj alirusha ova 185 na mipira mitatu, yaani mipira 1,113, na kupata wiketi 23. Hakuna mrushaji wa upande wowote aliyemfikia, kwa mipira wala kwa wiketi. Tena ndiye huyo huyo ambaye tarehe 14 Julai katika uwanja wa Lord's alikuwa mpigaji wa mwisho wa India. Aliuzuia mpira vizuri kabisa lakini ukadunda, ukabingirika taratibu mpaka kwenye vijiti, na India wakashindwa kwa mbio 22. Alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa mechi ya Oval, na alistahili. Lakini tuzo za mchezaji bora wa mfululizo wote wa mechi tano zilikuwa mbili, moja kwa kila timu. Zilikwenda kwa nani? Gill, aliyepata mbio 754, na Brook. Wapigaji wote wawili! Sisemi hawakufanya kazi. Nasema tu kwamba hata kule London, mbele ya kamera zote zile, macho ya watu hufuata kibao.

Sasa nirudi nyumbani. Pengine mtasema Kenya haijapata kucheza Testi, haya yanatuhusu nini? Yatuhusu sana. Zichukueni siku kubwa za kriketi yetu mzitazame. Mwaka 1996 huko Pune, katika Kombe la Dunia, Kenya ilipata mbio 166, ambazo si nyingi hata kidogo, na bado tukawashinda West Indies waliokuwa na huyo huyo Lara, kwa sababu warushaji wetu waliwaangusha wote kwa mbio 93. Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu, Rajab Ali tatu. Mwaka 2003 pale Nairobi Collins Obuya alichukua wiketi tano kwa mbio 24, Sri Lanka wakashindwa, na mwaka huo Kenya ikafika nusu fainali. Na katika mashindano hayo hayo, huko Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa mji wetu huu wa Mombasa, aliyekuwa na umri wa miaka 39, aliwarushia Australia ova nane na mipira miwili, akatoa mbio saba tu, akaondoka na wiketi tatu, moja ikiwa ya nahodha wao Ricky Ponting. Australia walishinda mechi ile, lakini wanaokumbuka humkumbuka Karim. Mwaka 2014 tulipoteza hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sababu ni nyingi na mimi si wa kuzimaliza hapa. Najua tu kwamba timu ya taifa huanzia katika viwanja kama vyetu, na najua tunavyofanya katika kiwanja chetu.

Hapa shuleni tuna kibao kimoja kizima na viwili vilivyopasuka. Masomo huisha saa kumi. Sisi ni wa kutwa, si wa bweni, na wengine wetu lazima tuvuke Likoni, kwa hivyo ifikapo saa kumi na moja kasorobo mimi niko njiani, la sivyo foleni ya feri itanila. Muda wa mazoezi ni kama dakika arobaini. Katika dakika hizo, kila siku ya mazoezi, wapigaji wanne wale wale hupiga, mmoja baada ya mwingine, mpaka wachoke. Sisi wengine tunarusha na kufuata mpira mpaka kwenye mtaro. Sijawahi kupiga zaidi ya mipira kumi kwa muhula mzima. Ndivyo nilivyokuwa mrushaji: sikuchagua, nilibakizwa. Mpira wangu ni wa tenisi niliouzungushia tepu ya mafundi wa stima, upande mmoja tabaka mbili na upande mwingine moja, ili upinde hewani. Hakuna aliyenifundisha. Naamini wako wengine kama mimi, na wako waliochoka wakaenda zao.

Katika mechi yetu ya muhula wa pili na shule jirani nilichukua wiketi nne. Siku ya zawadi, kikombe cha mchezaji bora alipewa mpigaji wetu wa kwanza aliyekuwa na mbio 31. Ni rafiki yangu na simwonei kijicho, nilimpa mkono. Lakini hapakuwa na kikombe cha mrushaji, wala kalamu, wala hata makofi.

Ninapendekeza basi kwa mwalimu wa michezo na nahodha wetu mambo ambayo hayana gharama. Anayerusha ova mbili apate zamu ya kupiga siku hiyo hiyo, kabla ya yule aliyepiga jana. Sisi wa Likoni tuwekwe mwanzo wa orodha, kwa kuwa feri haingoji. Na siku ya zawadi litajwe jina la mrushaji bora, hata kama zawadi ni daftari. Nimezungumza na Babu. Amesema akialikwa atakuja Jumatano moja kutufundisha kushika mpira, nauli yake mwenyewe, ila apewe kiti.

Nilisema lipo kosa langu. Katika mechi ile ile ya wiketi nne ningepata ya tano. Mpigaji wao aliupiga mpira wangu juu kabisa, ukashuka moja kwa moja mikononi mwa mwanafunzi wetu wa kidato cha pili, ukamponyoka. Mimi nilimkimbilia nikamtolea maneno mbele ya timu nzima na mbele ya wasichana wa netiboli, maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapisha. Aliinamisha kichwa, hakunijibu. Tangu siku hiyo hajaja uwanjani. Nikikutana naye kwenye mfereji wa maji yeye hupitia upande wa pili. Babu aliponiambia nimtazame Krishna, huyo ndiye niliyemwona.

Nilimtafuta darasani mwao juma la kwanza la muhula huu nikaambiwa ametoka. Nilimtafuta tena Ijumaa, nikamkuta, maneno yakanikauka kooni, nikaishia kuuliza saa ngapi. Kwa hivyo namwambia hapa mbele ya shule nzima, kama nilivyomtukana mbele ya timu nzima: ndugu yangu, nilikosa, unisamehe. Mpira wa tepu ninao mkobani. Jumatano saa kumi na dakika tano nitakuwa pale kwenye mwembe nyuma ya karakana, na ova ya kwanza utarusha wewe.